Saa 43 kwa Mkono Mmoja

ALASIRI moja katika mwezi wa Shaaban uliopita kijana mmoja alinipigia hodi hapa nyumbani Mwakirunge, mkononi ana kitambaa kilichofungwa fundo. Ni katika wale vijana wanaoshinda jaani wakiokota vyuma, chupa na plastiki. Tangu jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018, taka nyingi za mji wa Mombasa huletwa huku kwetu, na vijana hawa wamekwisha jua kwamba yuko mzee hapa anunuaye saa mbovu. Akakifungua kitambaa chake barazani. Zilikuwa saa saba za mkono, zote za kutia ufunguo, zimefungwa pamoja kwa uzi, na kikaratasi kimechomekwa kati yake. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini maji yalikwisha kuufuta wino. Nilichoweza kukisoma ni neno moja tu: "fundi".

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Aliyezifunga saa zile alikusudia ziende kwa fundi. Kisha akafariki, au akahama, au uzee ukamsahaulisha. Nyumba ikasafishwa, na kifurushi kikatupwa pamoja na vifuu vya nazi. Kijana alitaka shilingi mia tatu kwa zote. Nilimpa elfu moja, na usiku ule baada ya sala ya Isha nikalifungua kabati langu nikazihesabu zangu. Arubaini na tatu, bila ya hizo saba. Na saa, ndugu msomaji, huvaliwa mkono mmoja.

(Watakaouliza kama ilinijuzia kuzinunua, nami nilijiuliza. Kitu kilichotupwa na mwenyewe si sawa na kitu kilichopotea, lakini ni nani ajuaye kama aliyezitupa ndiye mwenyewe? Nilimwomba imamu atangaze msikitini Ijumaa mbili. Hakuna aliyekuja.)

Tangu siku ile nimekuwa nikizipunguza. Na maneno yangu leo ni haya: mtu aliyekusanya vitu vya namna hii, viwe saa, viwe redio za zamani, santuri au mabakuli ya kaure, na avipunguze mwenyewe kwa mkono wake, maadamu ana macho ya kuviona na ulimi wa kuvieleza. Asiwaachie wanawe kazi hiyo.

Kwanza nieleze ni kwa nini nilizikusanya, maana wako wanaodhani ni wazimu tu. Ukizitazama saa za mtu wa pwani utaiona bahari. Saa za West End zilitengenezwa Uswisi, lakini kampuni yenyewe ilikuwa na maduka Bombay na Calcutta tangu karne ya 19, na ile waliyoiita Sowar Prima ilivaliwa na askari, makarani na mabaharia kutoka Bara Hindi hadi Ghuba. Favre-Leuba, jina lililoanza Uswisi mwaka 1737, ilikuwa ikiuza saa India tangu mwaka 1865. Hizo nilizonazo mimi nyingi zilipitia Bombay au Aden kabla ya kufika Mombasa, na nyingine zina jina la duka la huko limechapwa usoni. Kisha kuna HMT, za kiwanda cha serikali ya India, kilichoanza kutengeneza saa Bangalore mwaka 1961 kwa msaada wa Citizen ya Japani. Saa hizo zilikuwa rahisi, ngumu, hazina madaha. Mwaka 2016 serikali ya India iliamua kuifunga biashara hiyo, na leo vijana wa mbali wanazitafuta kwa bei ambayo karani aliyekuwa akiivaa angeicheka.

Halafu ikaja Seiko 5, mwaka 1963. Nani wa rika langu asiyeijua? Haikutaka ufunguo, ilijijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono, na katika kidirisha chake ilionyesha siku na tarehe pamoja. Zile zilizouzwa Uarabuni ziliandikwa siku kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, ukachagua mwenyewe. Ndugu zetu waliokwenda kufanya kazi Ghuba katika miaka ya 1970 walirudi nazo, na kijana aliyekuwa na Seiko ya Kiarabu alikuwa akiinua mkono kuliko ilivyohitajika kila alipoulizwa saa. Kuna na zile Omega na Rolex zenye jambia la Oman usoni, zilizotolewa zawadi katika utawala wa Sultan Qaboos, aliyeshika nchi mwaka 1970. Ya namna hiyo nimeishika mara moja tu, nikairudisha kwa mwenyewe upesi.

Na juu ya yote hayo kuna namna yetu ya kuisoma saa. Mswisi ameandika 7, nasi twasema saa moja. Siku yetu huanza jua likichomoza, na usiku wetu huanza likitua. Wako waliozoea kuzirudisha saa zao kwenye 12 kila magharibi, kama ilivyokuwa Hijazi na katika nchi za Waturuki zamani, na huko jua la kiangazi na la baridi hutua nyakati zilizo mbali sana. Sisi tulio karibu na mstari wa Ikweta magharibi yetu haihami sana, basi twaweza kuiacha saa ilivyo na kuisoma upande wa pili. Nambari 7 na 1 hutazamana usoni mwa saa, na vivyo hivyo 8 na 2, na 9 na 3. Babangu alinifundisha kuutazama mkia wa akrabu fupi badala ya ncha yake, na ndivyo nisomavyo hadi leo. Nimempa mjukuu wangu saa ya akrabu akasema imeharibika, haina namba za kusoma!

Basi si wazimu. Lakini kupenda kitu na kukifungia kabatini ni mambo mawili, na hapa ndipo nilipojidanganya miaka mingi. Nilijiambia nahifadhi. Saa ya ufunguo ya zamani, gurudumu lake la mizani hupiga mara 18,000 kwa saa moja, ndiyo kusema mara 432,000 kwa siku, na vyuma vyake vinaogelea katika matone ya mafuta madogo kuliko kichwa cha sindano. Mafuta hayo hukauka saa ikitembea, na hukauka ikilala. Kila miaka minne au mitano yataka kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta upya. Kwa hewa yetu ya chumvi, saa isiyofunguliwa huingia kutu kwenye kijiti cha kutilia ufunguo, kutu ikapanda hadi kwenye kamani. Katika zangu 43, zilizotembea usiku ule nilipozijaribu zilikuwa 16. Nyingine nilizozinunua zikitembea vizuri zilikuwa zimekufa humo kabatini, mimi mwenyewe ndiye mlinzi wao.

Na mafundi wako wapi? Tarehe 25 Disemba mwaka 1969 Seiko waliitoa Tokyo saa ya kwanza ya mkono iendayo kwa kwazi, na katika miaka kumi na mitano iliyofuata maelfu ya mafundi wa Uswisi walipoteza kazi. Huku kwetu habari hiyo ilifika polepole, lakini ilifika. Fundi aliyekuwa na meza yake ya kioo barazani, kioo cha kubana jichoni na chano cha vijisukurubu, mwanawe leo anabadilisha betri na kuuza makasha ya simu. Simlaumu, kila mtu atafuta riziki. Fundi wangu bado yu hai, yuko Mji wa Kale, lakini mkono wake unatetemeka na haungwani mkono na mwanafunzi hata mmoja. Nimempa saa 11 zilizokwisha haribika kabisa azitumie kwa vipuri. Alizipokea kwa furaha kuliko mtu aliyepewa saa nzima, na tangu hapo amekwisha ponya tatu za watu wengine kwa viungo vyake.

Sasa niseme habari ya mirathi, maana ndiyo iliyonitia hofu kuliko kutu. Sheria yetu i wazi. Mtu akifa hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha kilichobaki hugawiwa warithi kwa mafungu yao. Nyumba hugawika, minazi hugawika, fedha hugawika kuliko vyote. Saa haikatwi vipande. Ni lazima ithaminiwe au iuzwe. Na nani nyumbani kwangu awezaye kuzithamini saa 43? Mke wangu anajua moja tu, ile ya ukutani. Wanangu wanajua kwamba nyingine ni za thamani na nyingine si kitu, ila hawajui ni zipi. Nimeona kwa macho yangu mfanyabiashara akiingia nyumba ya msiba kabla hata ya arubaini, akatoa salamu za rambirambi, akaondoka na sanduku zima kwa shilingi elfu tano. Nimeona pia ndugu wakinuniana mwaka mzima kwa saa iliyodhaniwa ni Rolex, na kumbe ni ya kuigiza. Na sasa nimeona namna ya tatu, ile ya kitambaa kutoka jaani.

Rafiki yangu mmoja alinishauri nizipeleke zote Makumbusho ya Fort Jesus zikae pamoja. Makumbusho hayana haja na Seiko ambayo kila baba alikuwa nayo, na saa iliyo ndani ya sanduku la kioo hulala vile vile kama kabatini kwangu, ila inalala kwa tikiti. Mwingine alinikataza kabisa, akasema mtu agawaye vitu vyake akiwa mzima anajiitia mauti. Huyo nilimjibu kwamba hiba ya mtu mzima ni jambo jema katika dini, na kwamba hutimia kwa kukabidhi, siyo kwa kuahidi. Ahadi ya saa iliyobaki kabatini kwangu mpaka nikafa haimpi mtu saa.

Wa tatu aliniambia nisiwauzie wageni, eti ni mali ya utamaduni wetu. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Saa tisa nimewauzia watu wa mbali kupitia kwa mpwa wangu, na sioni aibu. Aibu ni kuficha kasoro. Mbili kati yake nyuso zake zilipakwa rangi upya India, kazi nzuri ya kumdanganya asiyejua, na mpwa wangu akanisihi nisiandike habari hiyo. Niliandika. Bei ikashuka nusu. Mpwa wangu akaninunia wiki mbili, na mimi nikalala usingizi.

Moja ilinitia huzuni. Nilikuwa na saa ya dhahabu niliyoinunua kwa baharia mwaka 1979. Sikupata kuivaa, kwani dhahabu ni haramu kwa mwanamume, na mke wangu hakuitaka kwa ukubwa wake. Kwa hiyo ilikaa miaka zaidi ya arubaini haimfai yeyote, nami kila mwaka nikijiambia kwamba peke yake haifiki mithkali ishirini, nikayaacha mambo hapo, ilhali fedha nyingine zilikuwapo nyumbani. Sonara aliifungua, akautoa mtambo, akaliweka kasha kwenye mizani kama anavyopima hereni. Alinilipa kwa uzito. Ule mtambo aliusukuma kwangu kwa kidole, mtambo wa vito 17 uliofanywa na mikono ya watu. Uko katika kopo la tumbaku. Ningemtafutia kasha la chuma, lakini hiyo itakuwa ni kuanza kukusanya upya.

Nane nimewapa watu wa kuzivaa. Mwadhini wetu nimempa Seiko. Mwalimu wa madrasa nimempa HMT kwa sharti kwamba awafundishe watoto kuusoma mkia wa akrabu. Wengine ni jamaa na majirani. Nilimwuliza kila mmoja swali moja tu: utaitia ufunguo kila asubuhi? Jirani mmoja alisema kweli, akasema hatakumbuka. Nikampa ya betri.

Ziko tatu ambazo sikumpa mtu, wala sitaziuza, wala sitazitupa. Hizi namba zake zilipakwa radiamu ili ziwake gizani, kama ilivyokuwa desturi hadi miaka ya 1960. Wenye saa za zamani sikilizeni hapa vizuri. Miaka ya 1920 huko Marekani wasichana waliokuwa wakizipaka nyuso za saa walizichonga brashi kwa midomo yao, wakaugua mataya na mifupa, wengi wakafa. Radiamu hupungua nusu yake kwa miaka 1,600. Saa yako haing'ai tena kwa sababu ile dawa ya kung'arisha imechoka, lakini radiamu yenyewe iko vile vile. Ikiwa chini ya uso pana herufi T kando ya neno la Uswisi, hiyo ni tritiamu, iliyokuja baadaye na hupungua nusu kwa miaka kumi na miwili hivi, nayo haina shari kubwa. Usiifungue ya radiamu, usiikwangue, usimpe mtoto achezee. Na kuitupa? Itakuja huku Mwakirunge, ambako vijana wanachoma taka ili wapate shaba, na sisi tunavuta moshi huo huo. Zangu nimezitia katika mkebe wa bati nikauandika, nazo ziko stoo, mbali na chumba cha kulala. Kwa nini zinabaki kwangu, wanangu wanajua sasa.

Ukitoa hizo tatu, zimebaki 11, na ya kumi na moja ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nilipomaliza kuwaeleza watu wangu juu ya mpango huu, siku ya Iddi, barazani, mbele ya wanangu, mdogo wangu wa kike aliniuliza kwa upole: "Kaka, na ile ya baba je? Hiyo nayo ni yako?"

Sikuwa na jibu. Babangu alifanya kazi bandarini Kilindini na saa yake ilikuwa West End, ameinunua kwa mshahara wake. Alipofariki mwaka 1987 mimi ndiye niliyemvua mkononi, nikaitia mfukoni ili isipotee katika ghasia za msiba. Nyumba iligawiwa, minazi ikagawiwa, mbele ya mashekhe. Saa hakuna aliyeitaja, nami sikuitaja. Mwaka baada ya mwaka nikaizoea. Nimeandika hapa juu ya mfanyabiashara aliyeingia nyumba ya msiba akaondoka na sanduku, na hamkuona mkono wangu ukitetemeka.

Mama naye ametangulia, basi sisi warithi tumebaki watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Hesabu yake yaja mafungu saba: mimi mawili, ndugu yangu mawili, dada zetu moja moja. Nilimpelekea fundi aithamini, akasema shilingi elfu kumi na nne. Nikaweka bahasha nne, nikaenda nazo nyumba kwa nyumba, na ile ya dada aliye Muscat nikaituma. Ndugu yangu wa Likoni alicheka akairudisha. Mdogo wangu hakucheka. Alisema hakuniuliza bei, aliniuliza saa. Kwamba akiwa mtoto alikuwa akilala sikio juu ya mkono wa baba akiisikiliza, na kwamba ana haki ya kuisikiliza tena ndani ya nyumba yake.

Nilikwenda kwa shekhe nikamweleza. Akaniambia kwamba kitu kisichogawika, wanaokishirikiana waweza kupatana wakitumie kwa zamu, na jambo hilo wanazuoni wanalo jina lake, muhayaa. Tukakutana, na yule wa Muscat tukamsikiza kwa simu. Tumepatana miezi saba: miwili kwangu, miwili kwa ndugu yangu, mmoja mmoja kwa dada zetu, kisha tunaanza tena. Mwezi wa Muscat utakapofika itasafiri na mtu wa kwetu, mkononi, si katika mzigo. Mimi nimeomba zamu yangu iwe ya mwisho, kwa kuwa nimekwisha kaa nayo vya kutosha.

Ijumaa iliyopita baada ya sala nilimpelekea mdogo wangu. Aliishika kama mtu ashikaye yai, akauliza inatiwa ufunguo mara ngapi. Nilimwambia kila asubuhi, polepole, kiasi cha ishirini na tano hivi, na ukihisi inakaza, wacha. Akahesabu kwa sauti. Alipofika kumi na nane ikaanza kutembea, akaipeleka sikioni, akaniashiria ninyamaze.